Sura ya Sita: Zamu ya Kusema

Ukituma ujumbe wa WhatsApp mtandao ukiwa mzito, kabla tiki ya kwanza haijatokea utaona kialama cha saa, cha kijivu, kimetulia pembeni ya maneno yako. Tiki moja ina maana kwamba ujumbe umefika kwenye seva ya kampuni. Kisaa kina maana kwamba bado uko mkononi mwako. Kinachoudhi ni kwamba juu ya kioo vistari vya mtandao huenda vimejaa vyote, na aliyekaa kando yako, mwenye laini ya kampuni ileile, anatazama mpira bila kukwama.

Vistari hivyo havidanganyi, ila vinajibu swali jingine. Vinapima jinsi simu inavyousikia mnara. Havisemi lolote kuhusu jinsi mnara unavyoisikia simu, wala ni simu ngapi zimeomba kusema kwa wakati huo. Mawasiliano ya simu yana njia mbili: ya kushuka, kutoka mnarani hadi mkononi, na ya kupanda, kutoka mkononi hadi mnarani. Matangazo ya kampuni za simu husifia ile ya kwanza, kasi ya kupakua. Sura hii ni ya ile ya pili, ambayo kiufundi ni ngumu zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyowatoa wahandisi jasho la maana.

Sehemu kubwa ya ugumu wake inatokana na kutojua. Data zinazoshuka zimeshafika mnarani na kujipanga kwenye kumbukumbu ya kompyuta: za huyu baiti elfu tatu, za yule milioni mbili. Programu inayogawa nafasi, ambayo humu nitaiita mgawa zamu, inaziona zote, inaamua, basi. Data zinazopanda zimelala mifukoni mwa watu. Hapo mgawa zamu ni kama mwenye bomba la mtaa anayefungulia maji usiku wa giza: anajua bomba lake linatoa kiasi gani, lakini hajui nani amekuja, nani ana kikombe na nani ana pipa. Lazima aambiwe. Na kwenye redio kila neno la kuomba na la kujibu linakula masafa yaleyale yaliyokusudiwa kubeba data yenyewe. Kuomba kuna bei, na tangu miaka ya 1970 hadi leo kila kizazi cha mitandao kimekuja na njia yake ya kuipunguza.

Aliyeanza aliamua kutoomba kabisa. Norman Abramson alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Hawaii, mtu aliyependa mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi ya bahari kiasi kwamba ulichangia kumpeleka visiwani huko. Chuo kilikuwa na kompyuta kubwa kisiwani Oahu na matawi kwenye visiwa vingine, na kuyaunganisha kwa laini za simu kulikuwa ghali. Mwaka 1971 yeye na wenzake waliwasha mtandao wa redio walioupa jina ALOHA. Ulikuwa na masafa mawili tu. Moja lilitumiwa na kituo kikuu kuzungumza na wote, na hapo hapakuwa na shida kwa sababu msemaji alikuwa mmoja. La pili lilikuwa la watumiaji wote kwa pamoja kurudisha data zao kituoni. Ndiyo njia ya kupanda tunayoizungumzia, katika umbo lake la kwanza kabisa.

Kanuni ya ALOHA ilitosha kuandikwa nyuma ya bahasha. Ukiwa na pakiti ya data, itume. Kituo kikiipokea salama, kitakujibu. Usipopata jibu, chukulia kwamba imegongana na ya mwenzako. Ngoja muda wa bahati nasibu, kisha tuma tena. Neno la kushika hapo ni "nasibu". Wawili waliogongana wakingoja muda sawasawa watagongana tena, na tena.

Hesabu ya Abramson ilionyesha kwamba njia inayoendeshwa hivyo, hata mambo yakienda vizuri kabisa, haiwezi kubeba zaidi ya asilimia 18.4 ya uwezo wake. Zaidi ya hapo migongano huzaa marudio, marudio huzaa migongano, na njia hufa kwa kelele. Mwaka 1972 Lawrence Roberts, mmoja wa wajenzi wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, alipendekeza muda ukatwe vipande sawa na kila mmoja aruhusiwe kuanza kusema mwanzoni mwa kipande tu. Pakiti zikiacha kugongana nusunusu, kikomo kinapanda mara mbili, hadi asilimia 36.8. Bado ni theluthi na kidogo. Lakini kwa mtu anayeandika mstari mmoja kila baada ya dakika kadhaa, ambaye kwake kungoja ni kero kuliko ubadhirifu, ni mpango mzuri mno. Hakuna foleni, hakuna mwenyekiti, hakuna kuomba.

Mpango huo haujafa. Kila simu duniani bado huanza uhusiano wake na mnara kwa namna hiyo, kwa sababu kuna tatizo ambalo hakuna fundi amelikwepa: mnara usiokujua hauwezi kukupangia zamu ya kujitambulisha. Lazima useme bila kupewa ruhusa. Katika GSM, mfumo wa kizazi cha pili, simu inayotaka huduma ilirusha ombi la biti 8 tu, sehemu yake ikiwa sababu ya kupiga hodi na sehemu yake namba ya bahati nasibu, kwenye njia iliyoendeshwa kwa vipande kama alivyopendekeza Roberts. Katika 4G kila mnara hutangaza milio 64 tofauti ya redio. Simu inachagua mmoja kwa nasibu na kuurusha. Simu mbili zikichagua mlio mmoja kwa wakati mmoja, mnara husikia mlio mmoja na kutoa jibu moja, na zote mbili huamini limetolewa kwao. Zote hupaza sauti tena, safari hii zikitaja utambulisho wao, na mnara hurudia utambulisho wa ile ulioisikia. Isiyotajwa hujua imeshindwa, na hurudi kuanza upya.

Kwenye jibu hilo hilo la kwanza simu hupewa kitu kingine: umbali wake. Mawimbi ya redio husafiri mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa aliye kilomita tatu kutoka mnarani, amri ya mnara inamfikia sehemu 10 za milioni ya sekunde baadaye, na jibu lake linachukua 10 nyingine. Asipowahishwa kuanza kusema, maneno yake yataingia kwenye zamu ya mwenzake. Kwa hiyo mnara humwambia: wewe anza mapema kiasi hiki. GSM ilipima uwahishaji huo kwa hatua za takriban mita 550, hatua 63, na ndiyo maana seli yake ya kawaida, yaani eneo linalohudumiwa na mnara mmoja, iliishia kilomita 35. Hatua za 4G ni za mita kama 78.

Enzi ya GSM kazi nyingi ziliishia hapo hapo kwenye kupiga hodi. Safaricom ilipozindua M-Pesa nchini Kenya Machi 2007, maagizo ya kutuma pesa yalisafiri kama ujumbe mfupi uliofungwa kwa siri, kwenye njia ndogo za mtandao zinazotumika kuratibu simu. Hayakuhitaji njia ya data hata kidogo. Ujumbe ulikuwa mdogo kiasi kwamba kufungua njia kubwa kwa ajili yake kungegharimu kuliko ujumbe wenyewe. Uwiano huo, wa ukubwa wa ombi na ukubwa wa kinachoombewa, utajirudia hadi mwisho wa sura hii.

Data halisi ilipoingia kwenye simu kupitia GPRS, karibu na mwaka 2000, mgawa zamu alihitajika kweli. Ufumbuzi wake ninaupenda kwa ubahili wake. Mnara ulikuwa tayari unatuma data kwa watu kwenye njia ya kushuka, kipande baada ya kipande, kila kimoja kikichukua takriban milisekunde 20. Kwenye kichwa cha kila kipande wahandisi walibandika biti 3. Biti hizo hazikuwa na uhusiano wowote na data iliyozifuata. Zilikuwa namba ya simu inayoruhusiwa kutumia kipande kinachofuata cha njia ya kupanda. Simu zote zilizoshiriki njia zilisikiliza kila kitu, hata data za wengine, zikitafuta namba yao. Ikitajwa, zilisema; isipotajwa, zilinyamaza. Biti 3 hutoa namba 8, na hizo zilitosha. Simu nayo ilipokaribia kumaliza mzigo wake ilihesabu kurudi nyuma, vimebaki viwili, kimebaki kimoja, ili mnara usigawe zamu kwa asiye na kitu.

Kasoro ilijitokeza watu walipoanza kuperuzi. Data za mtandaoni huja kwa vishindo: unabofya, ukimya, unabofya tena. Kila ukimya ulifunga zamu na kila mbofyo ukailazimisha simu kupiga hodi upya. Baadaye viwango vilirekebishwa ili zamu iachwe wazi kwa muda mfupi hata kama hakuna kinachotumwa. Yaani ilionekana nafuu kupoteza nafasi kuliko kuombana kila mara.

Kwa 3G hali ilibadilika hadi kwenye mizizi, kwa sababu kilichogawanywa hakikuwa tena muda. Simu zote zilisema kwa wakati mmoja, kwenye masafa yaleyale yenye upana wa megahezi 5, kila moja kwa msimbo wake, na mnara ukazichambua. Kwa kila simu, zilizobaki zote ni kelele. Mnara wa 3G hugawa kelele: nani aruhusiwe kupaza sauti kiasi gani bila kuwazima wengine. Simu iliyo jirani na mnara ikipaza tu kidogo inawameza walio mbali, kwa hiyo mnara uliirekebisha nguvu ya kila simu mara 1,500 kwa sekunde. Mwanzoni uamuzi wa nani apewe kasi gani ulifanywa na kompyuta iliyo nyuma kabisa ya mtandao, mbali na mnara, na ulipofika ulikuwa umeshachacha. Katikati ya miaka ya 2000, toleo la 6 la viwango vya 3GPP, chama kinachotunga sheria za mitandao ya simu, lilihamishia uamuzi huo mnarani penyewe, na kuuwezesha kufanyika kila baada ya milisekunde 2.

Humo ndani kuna biti moja ambayo sijapata kuona nyingine ya namna yake kwenye nyaraka za uhandisi. Inaitwa rasmi biti ya furaha. Kila simu inapotuma data huambatanisha biti hiyo, kumwambia mgawa zamu kama imeridhika au haijaridhika na kasi iliyopewa. Na haina ruhusa ya kulalamika ovyo. Ili simu ijitangaze kuwa haina furaha, masharti matatu lazima yatimie kwa pamoja: iwe inatumia kasi yote iliyoruhusiwa, iwe bado ina nguvu ya kusema kwa kasi zaidi, na iwe na data nyingi kiasi kwamba kwa kasi iliyopo hazitaisha ndani ya muda uliowekwa. Isiyo na nguvu ya ziada hailalamiki, hata mzigo wake ukiwa mlima, maana hata ikiongezewa haitaweza. Mnara unaoihudumia hujibu kwa amri fupi: panda, shuka, kaa hapo hapo. Minara jirani, ambayo simu hiyo inaipigia kelele tu bila kuiletea faida, nayo ina sauti, lakini yenye mpaka. Inaweza kusema shuka. Haina neno la kusema panda.

Tufike kwenye 4G, ambayo ndiyo inayobeba data za wengi wetu, na hapa tuende polepole, milisekunde kwa milisekunde. Masafa ya mnara yamekatwakatwa kama karatasi ya hesabu: kwa upande mmoja vipande vyenye upana wa kilohezi 180, kwa upande wa pili muda wa milisekunde 1. Mnara wenye megahezi 20 una vipande 100 kwa kila milisekunde, na kila milisekunde mgawa zamu anaamua upya vyote ni vya nani.

Unabonyeza kitufe cha kutuma. Programu inakabidhi data kwa modemu ya simu, nayo inaziweka kwenye foleni. Simu haina kibali cha kusema, lakini imetengewa kinafasi kidogo kinachojirudia, tuseme kila baada ya milisekunde 10, ambacho kazi yake ni kupeleka biti moja: nina kitu. Hakisemi ni kitu gani wala kikubwa kiasi gani. Kwa wastani simu itangoja milisekunde 5 hadi kinafasi chake kifike. Mnara unasikia, unachukua milisekunde chache kufikiri, kisha unatuma kibali. Kwa kuwa haujui mzigo, kibali cha kwanza kwa kawaida ni kidogo, cha kuonja. Simu inakipokea, na kwa sheria ya 4G inakitumia milisekunde 4 kamili baadaye, muda iliopewa wa kuandaa na kusimba data.

Ndani ya nafasi hiyo ndogo simu inaweka kitu cha thamani kuliko data yenyewe: taarifa ya foleni yake. Taarifa hiyo ina biti 6 za ukubwa, yaani ngazi 64. Ngazi ya 0 ni foleni tupu. Ya 1 ni baiti zisizozidi 10. Ngazi zinazofuata hupanuka kwa kasi, na ya 63, ya mwisho, ina maana ya zaidi ya baiti 150,000. Wahandisi hawakutaka usahihi wa mfanyabiashara wa dhahabu. Tofauti ya baiti 20 na 30 ina maana kwa mgawa zamu. Tofauti ya 120,000 na 120,010 haina. Simu pia hugawa foleni zake kwenye makundi manne, ili mnara ujue kama kinachongoja ni maongezi ya sauti au picha inayojihifadhi yenyewe kimyakimya.

Sasa mnara unajua. Unatoa kibali kikubwa, simu inangoja tena milisekunde 4, na mzigo unaanza kupanda. Tangu ulipobonyeza hadi hapo zimepita milisekunde kama 20, na mawimbi yenyewe angani yametumia sehemu ndogo isiyohesabika ya muda huo. Karibu wote umekwenda kwenye kuombana. Kwa video ya megabaiti 30 gharama hiyo haionekani. Kwa "poa" ya herufi tatu, ombi limezidi mzigo.

Kibali, ni vizuri kujua, hupewa simu, hakipewi programu. Mnara ukishasema una vipande kadhaa, ndani ya simu kuna mgawa zamu mwingine mdogo anayeamua foleni gani iingie kwanza. Maagizo ya kuratibu mtandao hutangulia, sauti hufuata, vingine baadaye, na kila foleni ina kiwango chake cha chini kilichohakikishwa ili yenye cheo isiwanyime wengine kabisa. Kibali kikibaki na nafasi, simu huijaza kwa biti tupu, au, bora zaidi, huweka humo taarifa mpya ya foleni. Nafasi imeshalipiwa, hakuna sababu ya kuitupa.

Kuna kutojua kwa aina ya pili, nako kunahusu nguvu. Mnara hurusha mawimbi kwa wati makumi. Simu ya kawaida ya 4G ina kikomo cha wati 0.2, sawa na miliwati 200, na hicho ndicho kikomo kwa aliye chini ya mnara na aliye kwenye ukingo wa seli sawasawa. Miliwati 200 zikitandazwa kwenye vipande vyote 100, kila kimoja kinapata miliwati 2. Zikibanwa kwenye kipande kimoja, kinapata zote. Kwa hiyo kumpa mtu wa mbali nafasi pana ni kumdhuru: sauti yake itatawanyika hadi isisikike. Mgawa zamu mwerevu humpa uchochoro mwembamba. Simu humsaidia kwa kuripoti mara kwa mara imebakiwa na akiba gani ya nguvu. Hapa ndipo linapojibiwa lile swali la vistari vilivyojaa na ujumbe usioondoka: mnara wa wati makumi unasikika vizuri kijijini, lakini simu ya wati 0.2 ndiyo inayotakiwa kujibu.

Basi nani apewe? Mwaka 1995 Raymond Knopp na Pierre Humblet walichapisha jibu la kinadharia kuhusu njia ya kupanda, na jibu hilo ni katili: ukitaka mnara upokee data nyingi iwezekanavyo kwa jumla, kila mara mpe nafasi yule mmoja ambaye mawimbi yake ni mazuri kuliko ya wote wakati huo. Kama hali za watu zinabadilikabadilika kwa usawa, kila mtu atapata zamu yake. Lakini watu hawako sawa. Aliyejenga jirani na mnara angesema siku nzima, na wa bondeni asingesema kamwe.

Dawa inayotumika sana ilikomaa miaka michache baadaye mikononi mwa wahandisi wa Qualcomm na David Tse wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipokuwa wakiunda mtandao wa data, kwanza kwa njia ya kushuka. Usimlinganishe mtu na mwenzake. Mlinganishe na yeye mwenyewe. Tuseme Asha, karibu na mnara, kwa kawaida hupata megabiti 20 kwa sekunde, na dakika hii angeweza kupata 22. Juma, ukingoni, kwa kawaida hupata 1, na dakika hii, labda kwa kuwa gari lililomkinga limeondoka, angeweza kupata 2. Asha yuko juu ya kawaida yake kwa sehemu ya kumi. Juma yuko mara mbili ya yake. Zamu ni ya Juma. Kila mmoja huhudumiwa kwenye kilele chake mwenyewe, jumla haiporomoki, na hakuna anayeachwa milele.

Kwenye njia ya kupanda kanuni hii inapata mkwamo. Ili kuokoa betri, 4G ilichagua aina ya mawimbi isiyokibebesha kipaza nguvu cha simu mzigo wa vilele vya ghafla, na sharti lake la mwanzo lilikuwa kwamba vipande apewavyo mtu viwe vimepakana. Kuwagawia watu wengi vipande vilivyopakana kwa njia iliyo bora kabisa imethibitishwa kuwa ni hesabu ya aina ile ambayo hakuna anayejua njia ya mkato ya kuitatua kadiri watu wanavyoongezeka, na mgawa zamu ana milisekunde 1. Kwa hiyo hatafuti kilicho bora kabisa. Anatumia makadirio, na makadirio hayo ni siri ya biashara. Viwango vya 3GPP vinaeleza kwa maelfu ya kurasa namna ya kuomba, namna ya kuripoti foleni, namna ya kusoma kibali. Havisemi kibali apewe nani. Hilo limeachiwa Ericsson, Huawei, Nokia na wenzao, na kampuni ya simu huchagua tu vipimo ilivyowekewa. Mimi naona ajabu kidogo kwamba uamuzi unaogusa watu mara elfu kwa sekunde ndio pekee usioandikwa popote umma unapoweza kuusoma.

Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, una viti 60,000. Simba na Yanga wakiwa uwanjani, goli likiingia, watu hawapakui kitu, wanatuma. Vipande vya masafa huisha, lakini mara nyingi hata kabla ya hapo vibali ndivyo vinavyoisha, maana navyo husafiri kwenye sehemu maalumu ya njia ya kushuka yenye nafasi finyu, na kwa milisekunde moja mnara mmoja unaweza kuzungumzia simu chache tu. Kuna hali ya kuudhi ambapo masafa yapo na hakuna nafasi ya kumwambia mtu ayatumie. Ndiyo maana kwenye mikusanyiko mikubwa kampuni huleta minara ya muda juu ya magari. Mnara wa ziada unaongeza mgawa zamu wa ziada.

Kwa maongezi ya sauti kuna nafuu, kwa kuwa sauti inatabirika. Simu ya 4G hukata maneno yako vipande vya milisekunde 20 na kutuma kimoja kimoja. Kuomba kibali mara 50 kwa sekunde kwa vijipande vya baiti chache ni upuuzi, kwa hiyo mnara unaweza kutoa kibali cha kudumu: kila baada ya milisekunde 20, kipande hiki ni chako, usiombe tena. Ukinyamaza na simu ikaacha zamu kadhaa zipite tupu, kibali kinajifuta.

5G imelitanua wazo hilo. Roboti kiwandani yenye ujumbe wa baiti 32 unaotakiwa kufika ndani ya milisekunde 1 haiwezi kupoteza 20 kwa hodi. Inatengewa nafasi zake mapema, na inazitumia pale tu inapopata neno. Nafasi zisizotumika hupotea. Ili zisipotee nyingi mno, vifaa kadhaa vinaweza kupewa nafasi moja kwa matumaini kwamba havitasema pamoja, na hapo tumerudi Hawaii, tofauti ikiwa kwamba mnara wa leo una antena nyingi na mara nyingine unaweza kuwatenganisha waliogongana. Mita za maji zinazotuma usomaji mmoja kwa siku nazo zimepewa ruhusa ya kubeba data humo humo kwenye kupiga hodi, bila kungoja kutambulishwa kwanza.

Lakini kikomo kikubwa cha njia ya kupanda kwenye 5G nyingi hakimo mikononi mwa mgawa zamu. Masafa ya karibu gigahezi 3.5 yanayopendwa na kampuni hutumika kwa njia zote mbili kwa kupokezana, na mpangilio mmoja ulioenea ni vipindi vitano vya nusu milisekunde: vitatu vya kushuka, kimoja cha mchanganyiko, kimoja cha kupanda. Aliyeupanga alimwona mtumiaji kama mtazamaji. Anayerusha matangazo ya moja kwa moja kutoka sokoni Kariakoo, au mwanafunzi anayepandisha kazi yake ya darasani kwenye seva, anagombea kile kipindi kimoja. Na kampuni haiwezi kuamka ikabadili mpangilio peke yake, kwa sababu kama mnara wake utasikiliza wakati mnara wa jirani kwenye masafa ya pembeni unasema, wati makumi za jirani zitaizima simu ya wati 0.2. Lazima wote wapokezane kwa mdundo mmoja, na katika nchi nyingi ni mamlaka ya mawasiliano inayousimamia mdundo huo. Ukiwa peke yako kwenye mnara wa namna hiyo, huna wa kugombana naye na kibali umeshapewa, simu yako bado itangoja kipindi cha tano.